Jina la Trésor Chini ya Mlima

Kwanza tuondoe farasi. Kila kijana anayekuja kwangu na telefone mkononi ili nisikilize hadithi yake ya ajabu, hata ukurasa wa kwanza haujaisha, farasi mwenye mabawa huyo anatua. Wanangu, nani kati yenu ameshaona farasi hapa Likasi? Na mimi nilianza na farasi, msidhani nawacheka bure. Papa Sébastien, mzee aliyekuwa na mashine ya kuchapia vijitabu vya parokia, ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alisoma ukurasa wangu akiwa amesimama, kisha akanirudishia ukiwa na alama nyeusi ya dole gumba lake.

"Anselme, hii farasi inakulaka nini?"

Nikamjibu kwamba ni farasi wa ajabu, hahitaji kula.

"Basi haiwezi kuniogopesha. Kintu hakina njaa, minye nitakiogopa juu ya nini? Rudia nyumbani."

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaandika watu wa kijani, na watu wa kijani nikawapa njaa.

Hao ndio walioniletea wasomaji. Mnawajua, wengine wenu mlitishwa nao na mama zenu ili mlale. Wanakaa Mji wa Chini, chini ya vilima vyote kutoka hapa mpaka Kambove. Ni watu walioingia mlimani na mlima ukakataa kuwarudisha. Meno yao yana rangi ya jiwe la shaba kabla halijachomwa. Njaa yao ni ya sauti: ukicheka huku juu, kule chini wanainua vichwa. Lakini wana soko, wana padri, wana ugomvi wa maji kwenye bomba, na yuko mama mmoja anayeuza makala, makaa ya kupikia. Hapo nataka mnisikilize vizuri. Ajabu iwe moja tu katika sura moja, yanayobaki yawe ya kila siku. Ukimpa msomaji maajabu mengi kwa pamoja atayazoea kabla chai yake haijapoa. Mwonyeshe mama anapepea mbabula yake, lile jiko la makaa, anamsalimia jirani, anauliza watoto wameamkaje, na moto wake hautoi moshi. Nyamaza hapo. Msomaji mwenyewe atageuka aangalie mbabula ya kwake.

Na acheni kuleta hofu usiku. Usiku watu wameshaogopa tayari, wewe hapo umefanya kazi gani? Ileteni saa sita mchana, watu wanarudi kazini kwa kinga, yaani baisikeli, wengine kwa mguu, hewa ina ile ladha ya asidi kwenye ulimi, jua liko juu ya kichwa na kila kitu kinaonekana. Msomaji akiogopa saa hiyo, hana pa kukimbilia.

Ninawaandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile mapadri walichotufundisha kwa fimbo. Lakini watu nitakaowataja watasema vile wanavyosema hapa kwetu, "minye" kwa mimi, "njo" kwa ndiye, "bulongo" kwa udongo. Hilo pia ni fundisho. Nikisoma hadithi ya kijana wa Likasi ambaye mhusika wake mchimbaji anaongea kama mtangazaji wa redio, natafuta miwani yangu niivue.

Tena, someni kwa sauti, na mmsomee mtu mwenye kazi mikononi. Mke wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa anamenya mihogo mimi nikisoma. Kisu kikiendelea, nachana ukurasa. Kisu kikisimama, naweka. Zamani nilipiga maandishi kwa mashine ya herufi, baadaye nikapata kompyuta iliyozimika kila umeme ulipokatika, na leo nyinyi mnatuma sauti zenu kwa telefone, watu wanawarudishia vimoyo vyekundu. Kimoyo chekundu mtu anakituma hata akiwa amelala. Tafuteni mikono ya mtu, muitazame.

Sasa mnaniuliza, kila mnapokuja, kwa nini niliacha kuandika wakati macho bado yanaona. Nitawaeleza. Mkisikiliza vizuri mtaelewa kazi hii kuliko kwa kanuni zangu zote.

Jirani yangu ni Mama Trésor, mwuza unga, mkristo wa parokia yetu. Trésor alikuwa mtoto wake pekee. Alikuwa anachimba kule Kambove, na wenzake, kwa mikono. Siku moja shimo lilianguka. Wenzake walitoka, yeye hakutoka. Walimfukua mpaka wakachoka, lakini kila walipotoa udongo, udongo mwingine uliteremka. Mwishoni waliacha.

Kwa hiyo hakukuwa na mwili. Na bila mwili Mama Trésor alikataa kilio. Watu watandike mikeka nje, walale kwenye kiwanja, waimbe, kwa ajili ya nani? Nani alimwona amekufa? Na pasipo kilio, mke wa Trésor, Nadège, alibaki amefungwa. Ninyi mnajua desturi: kilio kikiisha, mashangazi wa mume wanamnyoa mjane nywele, wanamwogesha, wanamwambia mbele ya watu kwamba sasa yuko huru. Mpaka siku hiyo ni mke wa mtu. Nadège alikuwa bado msichana, hakuwa na mtoto, na alikuwa anafagia kiwanja cha mama mkwe kila asubuhi akimngoja mume ambaye hakuna aliyejua kama ni wa kungojwa.

Mama Trésor akaja kwangu. Hakukaa.

"Papa Anselme, jina ya mutoto wangu inabakia mu bulongo. Nadège hakuzala, hakuna muntu wa kuibeba. Minye nalomba, umupatie muntu mumoja wa mu buku yako. Isipotee."

Hapa kwetu jina si kibandiko. Ukipewa jina la mtu, wewe ni majina yake, yaani somo yake, na nyumbani kwake unapokelewa kama mwenyewe. Nimeona bibi kizee akimwita mtoto wa chekechea "bwana yangu" kwa sababu alibeba jina la marehemu mume wake, na hakuna aliyecheka. Hayo yote niliyajua. Lakini mimi nilikuwa mwandishi, na katika kitabu changu kulikuwa na kijana mbeba mawe wa Mji wa Chini ambaye sikuwa nimempatia jina. Nilifurahi, kwa kweli. Nikampa.

Akaniomba pia niwe ninakwenda kumsomea kila Alhamisi, siku tunayoiita kazi ine, kurasa mpya za wiki. Nilikwenda. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, mimi nasoma, Nadège anafagia. Nikifika kwenye jina la Trésor, mchi unasimama juu hewani. Utamu wa jambo hilo kwa mwandishi siwezi kuwaeleza. Nilikuwa narudi nyumbani natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Baadaye alianza kuuliza.

"Kule chini kunakuwaka baridi?"

"Kidogo, Mama."

"Basi andika kama nilimutumia nguo ya baridi. Ile ya rangi ya kaki."

Nikaandika. Wiki iliyofuata akataka Trésor ale samaki, maana kila mara nilimpa mboga tu. Nikampa samaki. Kuna ubaya gani, nikajiambia. Mama anapata faraja, mimi napata sura nzuri.

Siku moja nilisoma kwamba Trésor, kabla ya kuinua mzigo, anajikuna sikio la kushoto kwa bega lake. Ufagio ukasimama. Nadège akanitazama.

"Nani alikuambia ile?"

Hakuna aliyeniambia. Nilimweleza kwamba mwandishi huokota vitu bila kujua, kwamba nilimwona Trésor tangu mdogo, jicho linahifadhi. Nilieleza vizuri sana. Nadège akasema Trésor alianza hivyo baada ya kuoa, kule kazini, kwa sababu ya vumbi, na nyumbani hakuwahi kufanya. Yeye aliona mara moja tu alipompelekea chakula Kambove. Nilirudi nyumbani jua likiwa kali, sura sijaimaliza.

Nikaona afadhali nimtoe. Atoke Mji wa Chini, arudi juu, kitabu kiishe. Sasa, mimi nilikuwa nawacheka waandishi wanaosema wahusika wao hawatii. Mhusika ni wino, nilikuwa nawaambia, akikataa mwambie una wino mwingine. Basi nilimwandika Trésor akifika kwenye ngazi ya kupandia juu. Akaweka mguu. Nyuma yake mtu akaita, "Trésor," naye akageuka na kurudi. Sikuwa nimepanga mtu wa kuita. Nikachana. Asubuhi nikaanza upya, kwa njia nyingine, bila ngazi, apite kwenye bomba la maji machafu. Akainama aingie, na mkono wangu ukaandika kwamba mtu alimwita. Nilijaribu kila namna ninayoijua baada ya maisha yangu yote katika kazi hii. Aliitwa kila mara, kwa upole, kama mtu anavyoitwa kula.

Ndipo akaja Tournevis. Alikuwa mwenzake Trésor wa shimo moja. Alisimama nje ya lango langu asubuhi kweupe, ameshika kinga yake, akakataa kuingia.

"Papa, banasema weye njo unaandikaka Trésor mu buku?"

"Ndiyo mimi."

"Mu shimo hatuitanake jina ya nyumbani. Hata siku moja. Mulima ukisikia jina ya nyumbani, unaishika. Minye kule niko Tournevis. Jina mama alinipatia sitakuambia, utanisamehe. Yeye kule tulimuita Savon, sabuni, juu alikuwa anaogaka sana. Weye sasa unamuita Trésor, Trésor, kila ukurasa. Kule chini."

Nikataka kucheka, lakini uso wake haukuniruhusu. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine.

"Tulihamisha kazi," akasema. "Kwa lile shimo lilianguka, banasikia muntu. Anabeba muzigo. Anashusha, anapumuzika, anabeba tena."

"Tangu lini?"

"Tangu weye unaandika."

Alipanda kinga yake akaenda. Mimi nilibaki pale langoni nimeshika komeo, kwa sababu hayo maneno, anashusha, anapumzika, anabeba tena, yalikuwa katika sura niliyoiandika asubuhi ile ile na sikuwa nimemsomea mtu yeyote.

Mchana wa siku hiyo hiyo Nadège alikuja peke yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Akaniambia kuna fundi wa magari wa Buluo, mtu mzuri, familia yake iko tayari kuja kuposa. Alikuwa amemweleza mama mkwe, kwa heshima, akiwa amepiga magoti. Na mama mkwe alimjibu kwamba bwana yake ni mzima, kazi ine iliyopita alikula samaki, wote walisikia.

"Papa Anselme, minye niko muke wa nani?" akaniuliza. Hakuwa analia. "Kama bwana yangu alikufa, banifungue. Kama iko muzima, arudie. Lakini iko anakaa mu buku yako, anakula, anafanya kazi, na minye nazeeka."

Nikamvutia kiti, hakukaa.

Papa Sébastien alikuwa ameshafariki miaka mingi, lakini kuna jambo alilonipigia kelele nikiwa kijana, nilipoua kijiji kizima katika sura moja ili hadithi ichangamke. Alisema: usimuue muntu kama haujue nani atamuogesha. Kwa miaka yote niliifuata kanuni hiyo bila kuifikiri sana. Sasa nilimuuliza Nadège: kama wangekuletea mwili wake, ungemwoshaje?

Hapo ndipo alipokaa. Kisha akaanza kunieleza, macho chini, kutoka miguuni kwenda juu. Kidole kilichopinda. Kovu la goti. Mahali pa mbavu ambapo hata akiwa amelala, ukimgusa, alikuwa anacheka. Alieleza kwa sauti ya mtu anayefundisha mwingine kazi, na alipofika kwenye nywele alishindwa, akalia mpaka kitenge kikalowa. Mimi nikaandika.

Alhamisi nilikwenda na sura hiyo. Nataka mniambie, nyinyi mnaojifunza, kama kuna njia nyingine niliyoiacha. Mimi sikuiona. Mama Trésor alikuwa kwenye kinu chake. Nikamwambia kwamba sura ya leo ni nzito. Akasema soma.

Nikasoma. Mbeba mawe anachoka katikati ya soko la Mji wa Chini. Anashusha mzigo na hauinui tena. Watu wa kijani wanamzunguka, wanamwita, Trésor, Trésor. Naye anawaambia: huyo simjui, mimi ni Savon. Anaivua ile nguo ya baridi ya kaki, na jina lake la nyumbani linatoka pamoja nayo, anampa mama muuza makala alipeleke juu. Kisha analala chini. Wanaleta maji. Wanaanza na miguu, kile kidole kilichopinda.

Nilikuwa nimefika kwenye goti. Nikavuta pumzi ili niendelee, na Mama Trésor akasema, taratibu, akitazama ndani ya kinu:

"Halafu banamugusa mu mbavu, na hakucheka."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi inayofuata. Neno kwa neno ilikuwa hivyo kwenye karatasi yangu, isipokuwa kwa Kiswahili cha vitabu. Nilimwangalia Nadège, akatikisa kichwa: hakuwa amemwambia. Nikaiweka karatasi magotini. Sikusoma tena. Yeye ndiye aliyeendelea, sentensi baada ya sentensi, mimi nikifuata kwa macho, mpaka kwenye nywele, mpaka mwisho, na hakukosea.

Akaweka mchi chini. Akafungua kitenge cha kichwani, akakifunga kiunoni, akatoka katikati ya kiwanja kwenye jua. Akapiga ile sauti. Mnaijua, sina haja ya kuiandika, na siwezi. Majirani walitoka na mikono yenye unga na sabuni. Hakuna aliyeuliza ni nani. Kabla ya jioni kulikuwa na mikeka, kuni, na hema la plastiki la parokia.

Siku ya kumaliza kilio mashangazi walimnyoa Nadège, wakamwogesha nyuma ya nyumba, wakamleta mbele ya watu na kumwambia maneno yanayosemwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwona anapumua. Ndugu wa yule fundi walikuwa wamesimama mbali, kwa adabu, karibu na njia.

Mama Trésor aliniletea bukari, ugali wetu, na sombe yeye mwenyewe. Wengine waliletewa na wasichana. Akapiga magoti mbele yangu, akaweka sahani, akasema wazi, watu wakisikia:

"Mulima ulimukamata tu. Mulima haukumuua. Ni weye njo ulimuua. Kula."

Nilikula. Ilinibidi nimalize, na nilimaliza. Sijui kama ilikuwa laana au shukrani. Nimefikiri juu yake kila siku na bado sijui, na ndiyo maana siwezi kuwafundisha sehemu hiyo ya kazi.

Watu walipoanza kuondoka alikuja kukaa karibu yangu mkekani. Nadège alikuwa tayari anafunga vitu vyake. Mama akamtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa Anselme, na kazi ine, utakuya kusoma nini?"

Sikuwa na kitu. Kitabu kilikuwa kimekwisha, na kingine sikukianza, hapo wala baadaye. Lakini Alhamisi ilipofika nilikwenda, mikono mitupu, na mpaka leo nakwenda. Nakaa kwenye kiti changu, yeye anafanya kazi yake, tunaongea habari za bei na za watoto wa watu. Mara nyingine katikati ya maneno ananyamaza, anainamisha kichwa kidogo kuelekea ardhini, nami nanyamaza, nasikiliza pamoja naye. Bado hatujasikia kitu.